Umenunua au umepewa ruhusa tu? Mwongozo kamili wa kununua, kudai na kutengeneza vifaa vyako

Printa yangu ilinigomea kuskani. Narudia, kuskani, sio kuprinti, kisa wino wa njano umeisha. Sasa kuskani na wino wapi na wapi? Umeme upo, taa ya skana inawaka, kioo kisafi, hela ya kuinunua ilitoka mfukoni kwangu, lakini mashine imegoma inasubiri nikanunue katriji ndo ifanye kazi ambayo haitumii hata tone la wino. Toka siku hiyo kuna swali najiuliza kila nikitaka kutoa hela: kitu hiki kikigoma, mwenye neno la mwisho ni nani, mimi au aliyekitengeneza?

Mwongozo ni mrefu, unaanzia kabla hujanunua unaishia siku ya kuuza. Kama kimeo kiko mkononi tayari na una haraka ruka mpaka hatua ya nne, mengine utarudi kuyasoma ukitulia.

Kwanza jua umenunua nini

Kifaa cha kisasa ni vitu vitatu ndani ya boksi moja. Kuna mwili, yani kioo, betri, bodi, skrubu, huo ni wako kama sufuria ilivyo yako. Kuna programu iliyomo ndani, hiyo hukuinunua, umepewa leseni ya kuitumia, ndo yale maneno marefu uliyobonyeza "nakubali" bila kusoma (usijilaumu, hata mimi sisomi yote). Afu kuna huduma inayoishi kwenye seva za kampuni, na wakiamua kuzima imezimika. Shida inaanza pale mwili ambao ni wako haufanyi kitu bila hivyo viwili ambavyo sio vyako.

Mifano ipo mingi. Kulikuwa na kidude kinaitwa Revolv cha kuendeshea taa na vifaa vya nyumbani, kampuni yake ikanunuliwa na Nest mwaka 2014, Mei 2016 seva zikazimwa na vile vidude vyote vikabaki plastiki ya kukalisha mezani, vizima kabisa, hakuna kilichoungua. Mwaka 2009 Amazon walifuta vitabu kwenye Kindle (kifaa chao cha kusomea vitabu) za watu waliokuwa wameshalipia, kulikuwa na mgogoro wa haki za uchapishaji, hela walirudishiwa sawa, lakini fikiria mwenye duka la vitabu anaingia chumbani kwako usiku, anachukua kitabu anakuachia chenji mezani. Na Machi 2024 Ubisoft wakazima seva za gemu lao The Crew, waliokuwa na diski mkononi nao hawakuweza kucheza hata peke yao, maana gemu lenyewe lilikuwa halifunguki bila kuongea na seva.

Kwa hiyo kila unachotaka kununua kigawe hivyo kichwani. Mwili ni upi, programu ni ipi, huduma ni ipi, na huduma ikifa mwili unabaki na kazi gani? Feni inayowaka kwa swichi na pia kwa simu, sawa. Feni inayowaka kwa simu tu, hiyo acha dukani.

Hatua ya kwanza: kabla hujatoa hela

Hapa ndo penye nguvu yako yote. Ukishalipa unabaki kuomba, kabla hujalipa wao ndo wanakuomba wewe.

Anza na betri, kwa sababu betri itakufa, hilo halina mjadala, betri ya lithiamu ni kama soli ya kiatu inaisha kwa kutembelewa. Tafuta video ya kufungua modeli hiyo hiyo unayoitaka (modeli hiyo hiyo, sio ndugu yake) afu hesabu hatua za kufikia betri. Kama hatua ya kwanza ni kupasha moto kioo ili gundi ilegee jua kila ukibadili betri unacheza kamari na kioo. Kama ni skrubu nne na kivuto cha kutolea, hapo kuna watu walikufikiria. Tovuti ya iFixit wanafungua vifaa vipya na kuvipa alama juu ya 10 za urahisi wa kutengeneza, na Ufaransa Januari 2021 ilianza kulazimisha simu, laptopu, TV na vifaa vingine kadhaa viuzwe vikiwa na alama ya namna hiyo hiyo. Nenda kaisome hata kama huishi huko, ni bure.

Umoja wa Ulaya nao toka tarehe 20 Juni 2025 wana sheria ya simu na tableti, betri iweze kuchajiwa mizunguko 800 ikiwa bado inashika asilimia 80 ya chaji, spea zipatikane miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, apdeti za mfumo ziendelee angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuzwa, na kwenye boksi kuna lebo yenye herufi inayoonyesha simu inatengenezeka kiasi gani. Unaweza kuitumia lebo hiyo popote ulipo, lakini hakikisha namba ya modeli inafanana na ile unayoshika wewe, kampuni zina tabia ya kutoa simu mbili zenye jina moja na utumbo tofauti.

Kwenye laptopu uliza kitu kimoja tu: ramu na diski zinachomoka au zimechomewa kwenye bodi? Muuzaji akisema "hii ina 8, inakutosha" hajajibu swali. Ramu iliyochomewa maana yake siku 8 ikiwa haitoshi unanunua laptopu nyingine nzima, na diski iliyochomewa ni mbaya zaidi, bodi ikifa picha zako zimekufa nayo.

Apdeti sasa. Usiridhike na "inapata apdeti miaka minne", uliza minne kuanzia lini, maana wengi wanahesabu toka modeli ilipotoka kiwandani, sio toka siku uliyonunua wewe. Ukinunua simu ambayo imeshakaa sokoni miaka miwili kwa sababu imeshuka bei, umenunua miaka miwili iliyobaki. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa hesabu inafanyika kabisa kwa kalamu: bei gawanya kwa miaka ya apdeti iliyobaki, utashangaa simu ya bei ya juu kidogo inavyogeuka kuwa ya bei nafuu.

Ushauri wangu ambao hautaupata kwenye tangazo lolote: nunua modeli ambayo fundi anaiona kila siku. Simu iliyouzwa sana ina spea nyingi, ina vimeo vingi vya kuchomolea spea, ina mafundi waliokwisha haribu za wenzako mpaka wakajua. Simu ya ajabu ajabu yenye kamera sita kioo kikipasuka unakaa wiki tatu unasubiri spea na ikifika sio yenyewe.

Hatua ya pili: siku ya kununua

Hii ni fupi lakini ndo watu wengi wanaangukia hapa. Piga picha risiti siku hiyo hiyo, zile za karatasi laini zinafutika zenyewe ndani ya miezi ukija kuitafuta unakuta karatasi nyeupe. Risiti iandikwe modeli na namba ya mashine, sio "simu 1". Kwa simu bonyeza *#06# uione IMEI, namba ya utambulisho ya simu, ifanane na ya kwenye boksi na kwenye risiti, zikipishana mrudishie hapo hapo, usikubali hadithi.

Lipa kwa njia inayoacha alama, kadi ni nzuri zaidi maana kwenye kadi nyingi benki inaweza kuurudisha muamala kama mzigo haukufika au sio ulioelezwa. Afu ndani ya wiki ya kwanza tumia kila kitu, kila kitu nimesema, kamera zote, spika zote mbili, soketi zote, chaji, kila kona ya kioo, piga simu ongea mpaka mtu akuchoke. Watu wanagundua maiki mbovu mwezi wa tatu wakati siku za kurudisha zilishapita zamani.

Hatua ya tatu: ikiharibika, dai kwanza

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo hela nyingi zinapotea bure.

Waranti na haki ya kisheria ni vitu viwili tofauti na wauzaji wanapenda uvichanganye. Waranti ni ahadi ya hiari ya kiwanda, wameiandika wao, masharti yao, mwaka mmoja au vyovyote. Haki ya kisheria inatoka kwenye sheria ya nchi, haijali kilichoandikwa kwenye kile kikaratasi, na mara nyingi unamdai aliyekuuzia, sio kiwanda. Ndo maana ile sentensi "sisi tunauza tu, nenda kwa kampuni" usiipokee haraka haraka. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika angalau miaka 2 kwa kitu kipya, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inahesabiwa ilikuwepo toka mwanzo, kazi ya kuthibitisha vingine ni ya muuzaji. Uingereza kwa sheria ya mwaka 2015 una siku 30 za kurudisha kibovu na kupewa hela yako yote, na ndani ya miezi 6 ya kwanza mzigo wa kuthibitisha uko kwa muuzaji vile vile. Kwenye sheria ya nchi yako tafuta majibu ya maswali matatu: muda gani, namdai nani, na nani anathibitisha. Mara nyingi sheria hiyo inaitwa ya kumlinda mlaji au ya ushindani wa haki, na kuna ofisi ya serikali inayoisimamia.

Lile suala la "umeshafungua kwa fundi wa nje, waranti imekufa". Marekani kuna sheria ya mwaka 1975 inayokataza kampuni kufunga waranti kwenye spea au huduma za kwake peke yake, na Aprili 2018 tume ya biashara ya huko, FTC, iliziandikia kampuni 6 onyo kuhusu maneno ya aina hiyo, zikiwemo zile stika za "ukichana umepoteza waranti". Kisa kikubwa zaidi ni cha Australia. Simu za Apple zilizobadilishwa kitufe cha chini au kioo kwa fundi wa nje zilikuwa zinajifunga zenyewe baada ya apdeti, zinaandika kosa namba 53, na wenye simu wakaambiwa hawana haki ya kutengenezewa wala kubadilishiwa kwa sababu fundi wa nje aligusa. Mahakama mwaka 2018 ikaipiga Apple faini ya dola milioni 9 za Australia, kwamba kumwendea fundi mwingine kwenyewe hakufuti haki ya mteja. Ila tuwe wakweli, kama fundi wako ndo alikata waya, hilo ni la fundi, usimpelekee muuzaji.

Jinsi ya kudai sasa. Usiende kupiga kelele kaunta, kelele haina rekodi. Nenda na kifaa, eleza kwa upole, wakikataa rudi nyumbani andika. Barua au meseji yoyote inayobaki, kitu kama hiki:

"Tarehe fulani nilinunua kwenu laptopu modeli fulani, namba ya mashine hii, risiti namba hii. Tarehe fulani ilianza kuzima yenyewe ikiwa na chaji zaidi ya nusu. Haijadondoshwa wala kumwagiwa maji. Laptopu inatarajiwa kufanya kazi muda mrefu kuliko huu. Naomba mnitengenezee bila malipo au mnibadilishie ndani ya siku 14, ikishindikana nirudishiwe hela yangu. Naomba jibu kwa maandishi."

Umeona? Tatizo moja, ombi moja, siku zimetajwa, hakuna tusi wala historia ya maisha. Ambatanisha picha ya risiti na video ya kasoro ikitokea (kasoro inayokuja na kuondoka ikamate kwa video, maana ukiifikisha kaunta itajifanya mzima). Wakikupigia simu, baada ya simu waandikie "kama tulivyoongea leo, mmesema hivi na hivi". Siku zikiisha unapanda: makao makuu ya duka, afu ofisi ya kulinda mlaji, afu mahakama ya madai madogo kama ipo kwenu, nyingi hazihitaji wakili. Mara nyingi hufiki huko. Mtu akiona una tarehe, namba na nakala, anajua huyu atafika.

Hatua ya nne: kabla ya fundi, hakikisha ni kibovu kweli

Simu "haichaji" nyingi ni vumbi la mfukoni limejibana kwenye soketi ya chaji. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, kwangua taratibu, utatoa kitambaa kizima. Jaribu waya mwingine, afu chaja nyingine, kimoja kimoja, ukibadilisha vyote pamoja hutajua mbovu ilikuwa ipi. Laptopu inayochemka na kupiga kelele kama ndege, fungua safisha feni. Simu nzito angalia nafasi kwanza, ikijaa mpaka shingoni lazima ikwame. Betri ya laptopu ya Windows unaweza kuipima bure, fungua dirisha la amri andika powercfg /batteryreport, inakutolea ripoti yenye uwezo betri iliyotoka nao kiwandani na uliobaki sasa, ukikuta umebaki nusu basi tatizo ulilosema ni la laptopu ni la betri.

Imeingia maji? Zima, usichaji, usiwashe "kuona kama iko sawa", hapo ndo watu wanaiua wenyewe. Na achana na mchele, mchele hauvuti maji yaliyo chini ya vifuniko vya bodi, unaongeza unga tu kwenye soketi. Kinachoua ni umeme kupita penye maji na kutu inayofuata, kwa hiyo ifunguliwe mapema, betri ichomolewe, bodi isafishwe kwa spiriti aina ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ikiwa ni soda au maji ya bahari kimbia, sukari na chumvi vinabaki hata maji yakikauka.

Na kabla ya lolote, bakapu. Kifaa kinapatikana kingine, picha za marehemu bibi hazipatikani.

Hatua ya tano: kwa fundi

Fundi mzuri anakuruhusu uulize. Muulize ugonjwa ni nini, spea ya aina gani, bei ya mwisho, siku ngapi, na itakaa na dhamana yake muda gani, afu viandikwe hata kwenye meseji. Mwambie utataka spea ya zamani uirudishe nyumbani. Huihitaji hata kidogo, lakini mtu anayejua atakukabidhi ya zamani habadilishi kitu ambacho hakikuharibika.

Namba ya siri usimpe kama simu yako ina hali ya matengenezo, kwenye Samsung nyingi na Pixel ipo kwenye mipangilio, inafungia picha na meseji zako huku fundi akiendelea kujaribu kioo na kamera. Kama haina, weka bakapu futa kila kitu kwanza. Usumbufu, najua.

Spea ziko za aina tatu hivi: mpya ya kampuni yenyewe, iliyochomolewa kwenye simu nyingine, na kopi. Iliyochomolewa mimi naipenda kwa vioo, ni yenyewe kabisa ila yuzdi. Kwa betri hapana, ya zamani imeshachoka kama ya kwako. Kopi ya kioo ndo inapiga watu sana, simu ilikuja na kioo cha aina ya OLED wanakuwekea cha aina ya LCD, kuigundua ingia gizani fungua picha nyeusi tupu: OLED inakuwa giza kabisa, LCD inabaki na mwanga wa kijivu.

Afu kuna mtego ambao sio kosa la fundi. Kampuni nyingine zinaoanisha spea na bodi kwa namba, yani kioo au kamera inajulikana kwa jina lake, ukitoa ya simu moja ukaweka kwenye simu ya pili iliyo sawa sawa nayo inakuletea onyo au inapoteza kazi fulani mpaka programu ya kampuni iipe baraka. Spea ni halisi, fundi ni mzuri, simu ni yako, na bado unahitaji ruhusa. Jimbo la Oregon huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia mchezo huo, inahusu vifaa vilivyotengenezwa kuanzia 2025. Kwako wewe la kufanya ni kuuliza kabla kazi haijaanza: "ukibadilisha hii, nitapoteza nini?" Fundi anayejua atakujibu bila kufikiri.

Hatua ya sita: ukitaka kufungua mwenyewe

Fungua, sio uchawi. Ila kwa mpangilio.

Chora kifaa kwenye karatasi, kila skrubu ukiitoa ibandike kwa gundi ya selotepu pale ilipotoka kwenye mchoro. Sio utani, skrubu zinapishana urefu kidogo sana, ukiweka ndefu penye tundu la fupi inachimba bodi na hiyo haitengenezeki kirahisi. Bisibisi iwe saizi yake, ukisikia inateleza acha, skrubu iliyolika kichwa itakupotezea siku nzima. Kuna skrubu za pembe tano na za nyota zimewekwa makusudi usifungue, bisibisi zake zinauzwa, nunua seti moja itakukalia miaka.

Chaji ishuke chini ya asilimia 25 kabla hujaanza, maana betri yenye chaji kidogo ikitobolewa hasira zake ni ndogo. Cha kwanza kuchomoa ni waya wa betri, cha mwisho kurudisha ni huo huo. Betri usiikunje usiidunge, na ukiikuta imevimba simama hapo, usiichaji, usiikandamize ikae, itoe nje penye hewa mbali na vitu vinavyoungua afu ipelekwe wanapopokea betri. Isitupwe kwenye taka za nyumbani.

Vitu ambavyo sitaki uvifungue kama hujafundishwa: maikrowevu, TV za zamani za chogo, na pawa saplai za kompyuta. Maikrowevu ina kapasita inayoweza kukuua ikiwa haijachomekwa hata kwenye umeme. Hiyo muachie mwenye kazi yake.

Hatua ya saba: mwili mzima, programu imekufa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na kompyuta nyingi nzima kabisa zikaambiwa haziwezi kupokea 11 kwa sababu ya chipu ya usalama au prosesa. Mashine haijaharibika. Weka Linux, mfumo wa bure unaokaa pale pa Windows, toleo lake la Mint ni rahisi kwa aliyezoea Windows, ijaribu kwanza kwa flashi bila kuigusa diski, uone kama waifai, sauti na printa vinafanya kazi, ukiridhika ndo uiweke moja kwa moja. Ile printa yangu niliichomeka kwenye kompyuta yenye Linux, ikaskani. Wino wa njano mpaka leo haina.

Kwa simu za Android kuna LineageOS, inazipa simu nyingi za zamani mfumo mpya. Angalia kama modeli yako ipo kwenye orodha yao na kama kampuni inaruhusu kufungua ule mlango wa kuwashia mfumo (bootloader), baadhi hawaruhusu kabisa, hilo nalo ni swali la hatua ya kwanza. Kufungua kunafuta kila kitu na baadhi ya programu za benki zitagoma baadae, kwa hiyo usijaribu kwenye simu unayolipia bili. Rauta za zamani nazo zina OpenWrt, mfumo wa namna hiyo hiyo.

Ulivyovinunua hewani

Vitabu, gemu, filamu. Jimbo la California toka Januari 2025 limezilazimisha duka za hivi vitu ziseme wazi kwamba kitufe cha "nunua" kinakupa leseni na sio umiliki, isipokuwa unachoweza kukipakua na kukitumia siku zote bila intaneti. Kigezo hicho ni kizuri, kichukue kitumie. Kinachopakulika kama faili la kawaida, kipakue leo weka kwenye diski ya nje. Kwa gemu duka kama GOG linakupa faili la kusakinisha bila kufuli. Kisichopakulika kilipie ukijua unakodi, na bei yake uipime kama ya kukodi.

Jaribio dogo la jioni moja: zima intaneti ya nyumba nzima afu zunguka uone nini bado kinafanya kazi. Mimi nilifanya hivyo nikakuta taa moja ya chumbani imekuwa haina maana yoyote.

Ukiuza, na ukinunua yuzdi

Ukiuza toa akaunti yako kwanza kwenye mipangilio, afu ndo ufute kila kitu. Ukianza na kufuta huku akaunti imo, kile kifungo cha kuzuia wezi kinaweza kubaki na mnunuzi atakuwa na tofali. Ukinunua wewe, usilipe mpaka uione simu imefutwa mbele yako, imewaka upya, imefika pale pa kuchagua lugha, imeunganishwa na waifai na haijaomba akaunti ya mtu. Muuzaji akisema "namba ya siri nitakutumia jioni", mrudishie simu yake. Ni mbuzi kwenye gunia, na mara nyingine hata mbuzi sio wake.

Kilichokufa kabisa usikifungie kabatini miaka kumi. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022 na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri ni kama asilimia 22 tu. Mpelekee fundi bure, achomoe kamera, spika, soketi. Mwenye modeli kama yako anazisubiri.